Baba mkwe amegoma kurudia kipimo, na kwangu hataki kulala

Shikamoo mama.

Naandika nikiwa Uyole, Mbeya. Nina miaka 36, nimeolewa Unyakyusani, watoto watatu. Mume wangu ni dereva wa malori ya Kongo, na sasa hivi yuko kwenye foleni Kasumbalesa, hajui atavuka lini.

Shida yangu ni baba mkwe. Ana miaka 67, anaishi Rungwe kwenye shamba lake la chai na migomba. Mama mkwe alifariki miaka mitatu iliyopita. Tangu mwishoni mwa mwaka jana baba alikuwa anatoa damu chooni, akanyamaza nayo. Tulikuja kujua siku baba mdogo, mdogo wake anayeishi Mbalizi, alipokwenda kumsalimia akamkuta anatoboa mkanda tundu jipya kwa msumari wa moto, maana matundu ya zamani yote yamekuwa mapana kwake. Kumbe alikuwa anatumia dawa za bawasiri za mnadani, za kunywa na za kupaka, chupa baada ya chupa. Hospitali ya wilaya wakampima, damu imeshuka. Wakampa vidonge vya kuongeza damu na rufaa ya kwenda kupimwa utumbo mpana kwa kamera.

Safari ya kwanza iliharibika. Hospitali alikopewa tarehe, jina naliacha, walimkabidhi pakiti za dawa na karatasi mbili za Kiingereza, wakamwambia asome maelekezo, aje Alhamisi saa tatu. Baba anasoma Kiswahili vizuri, Kiingereza hajui. Kwetu alikataa kulala, akachukua chumba gesti karibu na stendi ya Nane Nane, choo cha nje, cha kuchangia. Jioni akala wali maharage, kwa kuwa alichoelewa ni kwamba anatakiwa afunge kuanzia usiku. Akakoroga dawa, akanywa glasi mbili, ile chumvi ikamkaba. Alipoanza kukimbilia chooni akakuta watu wamepanga foleni na ndoo zao za kuogea. Akaacha. Kesho yake daktari kuingiza kamera, haoni kitu, uchafu mtupu. Wakamtoa. Hela ya kipimo ikaenda, akapewa tarehe nyingine, ambayo kutoka leo ni wiki mbili na siku nne.

Sasa amegoma. Alimwambia baba mdogo: "Siwezi kwenda kuharisha usiku kucha nyumbani kwa mkamwana." Mama, nyumba yetu ina choo kimoja, cha ndani, na mlango wake unatazama sebule. Mila za Wanyakyusa unazijua, mkamwana na baba mkwe hawazoeani. Bibi yake mume wangu akisikia sauti ya mkwewe njiani alikuwa anaingia kwenye migomba mpaka apite. Sisi siku hizi tunasalimiana, chakula namwandalia, lakini meza moja hatujawahi kukaa. Na mimi nikuambie ukweli, naona aibu kama yeye. Nikifikiria kumsikia akiingia na kutoka usiku mzima, mwili unanisisimka.

Halafu kuna maneno. Wenzake wa kilabuni wamemwambia mwanaume akiingizwa mpira nyuma, nguvu za kiume ndiyo basi. Na naona anaogopa pia kitakachoonekana, ingawa hasemi. Nifanyeje? Nimwache kwanza mpaka mume wangu arudi?

Mkamwana, Uyole

Marahaba mwanangu, na pole kwa kulibeba hili peke yako.

Mumeo usimsubiri. Foleni ya Kasumbalesa haina tarehe, baba anayo. Mzee wa miaka 67 anayetoa damu miezi yote hiyo, damu mwilini imeshuka na mkanda umetobolewa upya, huyo haachiwi neno bawasiri. Bawasiri anaweza kweli kuwa nayo, wazee wengi wanayo. Lakini kuwa na bawasiri hakuzuii kitu kingine kukaa juu yake, ndani, mahali ambapo dawa ya kupaka haifiki. Na kwa mwanaume wa umri huo, hata asingeona tone chooni, ule upungufu wa damu peke yake unatosha daktari kutaka kuutazama utumbo. Inaweza kuwa vidonda. Inaweza kuwa kichocho cha tumbo. Vinaweza kuwa vinyama vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo, ambavyo madaktari wanaviita polipi. Inaweza kuwa saratani. Kwa nje vyote ni damu tu, na kamera ndiyo inayovitenganisha.

Ningependa baba aisikie mapema habari ya hizo polipi. Saratani nyingi za utumbo mpana huanza hivyo, kinyama kidogo kisichouma, na huchukua miaka kugeuka. Kikionekana, mara nyingi hukatwa palepale kupitia mpira uleule, bila kupasua tumbo. Kwa hiyo anaweza akatoka chumbani ameshaondolewa kitu, sio tu ameangaliwa.

Tuje kwenye aibu, maana ndiko barua yako iliko. Nimefanya uuguzi miaka thelathini, Njombe na Iringa, na ile ya mwisho nilikuwa chumba cha kamera. Wazee walionikimbia kwa kuogopa maumivu ni wachache. Wengi walikimbia usiku wa kuamkia kipimo: choo cha kuchangia, nyumba ya mkwe, wajukuu wanaouliza babu ana nini. Soma tena maneno ya baba mkwe wako. Hajasema hataki kupimwa. Amesema hawezi kuharisha nyumbani kwa mkamwana. Hilo lina dawa, na dawa yake si kumwambia kwamba mila zimepitwa na wakati. Ukimwambia hivyo utakuwa umemvua nguo kabla hajafika hospitali.

Mpigie baba mdogo leo. Mwambie kwamba usiku huo mmoja wewe na watoto mtalala kwa jirani au kwa ndugu, na nyumba mtawaachia wao wawili. Baba asialikwe kwa mkamwana. Aambiwe nyumba ya mwanawe iko wazi, funguo anazo mdogo wake, na mkwe hatakuwepo. Kwenu huo ni mwaliko mwingine kabisa, na mwenye kinywa cha kuufikisha ni baba mdogo, si wewe. Kama yeye hawezi kuja Uyole, basi baba atangulie Mbalizi siku mbili kabla, alale kwa mdogo wake. Hilo nalo likishindikana, mchange hela ya chumba chenye choo chake ndani. Cha kuchangia hapana, mmeshaona. Na asije akanywa dawa Rungwe halafu apande Coaster kuja mjini, kwa sababu kutoka Tukuyu ni zaidi ya saa moja ya kupanda milima, na dawa hii haimsubiri kondakta.

Wewe mwenyewe utakuwepo, ila kwenye chupa za chai. Ngoja nikueleze.

Kipimo cha kwanza kiliharibiwa na vitu viwili: yale maharage, na zile glasi ambazo hazikunyweka. Maganda ya maharage, pumba za dona, mbegu za nyanya na nyuzi za mboga za majani huchelewa kutoka na hushika kwenye mikunjo ya utumbo. Ule mpira wa kamera una njia ya kunyonya majimaji, lakini mbegu zikiingia humo zinaiziba. Daktari anabaki kama dereva kwenye ukungu wa Igawilo alfajiri. Kwa hiyo siku tatu kabla ya kipimo, kande, maharage, njegere, dona, mboga za majani, karanga, mapera, pasheni na parachichi vyote vipumzike. Ndizi za kupika pia mimi huwa nazipumzisha, japo najua ndicho chakula chake. Ale wali mweupe, ugali wa sembe, mkate mweupe, viazi mviringo vilivyomenywa na kupondwa, mayai, samaki, kuku bila ngozi. Mzee wa Rungwe kupewa wali wa Kyela na samaki siku mbili mfululizo hatalalamika.

Siku ya mwisho kabla ya kipimo hakuna kutafuna kitu. Ni vinywaji vyepesi tu, vile ambavyo ukivimimina kwenye glasi unaona upande wa pili. Hapa ndipo unapoingia wewe. Chemsha supu ya kuku au ya nyama, ichuje kwa kitambaa mara mbili mpaka isibaki nyama wala kitunguu, tia chumvi, jaza chupa moja ya chai. Chupa ya pili weka chai ya rangi yenye sukari, na iwe chai ya Rungwe, baba aijue ladha yake. Maziwa hapana hata kijiko. Uji hapana, togwa hapana, mtindi hapana. Kimpumu na ulanzi, hizo pombe za kienyeji, ndiyo kabisa. Maji ya glukosi, soda nyeupe, maji ya uvuguvugu yenye asali, sawa. Kitu chekundu au cha zambarau asiguse, iwe juisi ya rozela au soda, kwa sababu ndani kinaonekana kama damu na kinaweza kumpoteza daktari.

Kuna jambo naona hakuna aliyewaambia. Vile vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma hugeuza choo kuwa cheusi na cha kunata kama lami, na kukisafisha ni kazi. Kawaida husimamishwa siku 7 hivi kabla ya kipimo. Mna wiki mbili na siku nne, muda upo, lakini pigeni simu hospitali wiki hii, wawape siku ya kuacha na siku ya kurudia. Hukuniandikia kama ana presha, kisukari, figo au moyo. Kama yupo kwenye dawa yoyote, baba mdogo azikusanye zote kwenye mfuko, na maboksi yake, azipeleke zikaonwe. Dawa za kufanya damu iwe nyepesi na dawa za sukari hupangwa upya kwa ajili ya siku hizo mbili, na anayepanga ni daktari. Asiache mwenyewe nyumbani. Mwenye figo dhaifu ni lazima aseme, kwa sababu kuna aina za dawa za kusafisha zenye fosfeti ambazo hazimfai kabisa.

Zile pakiti zenyewe. Nyingi ni unga unaokorogwa kwenye maji, jumla lita 2 mpaka 4, mfuate kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti zenu. Baba aelezwe dawa inavyofanya kazi, mzee akielewa kitu anakifanya. Ukinywa lita 4 za maji ya kawaida, mwili unayafyonza, unakwenda kukojoa. Unga huu unayashika maji yasifyonzwe, yanapita moja kwa moja na kusukuma kila kilichomo. Kwa hiyo glasi mbili hazisafishi. Zinalainisha juu, chini kunabaki vilevile.

Hospitali nyingi hugawa dozi mara mbili, nusu jioni na nusu alfajiri, na ile ya alfajiri ndiyo inayoleta utumbo mweupe. Akiwa na miadi ya saa tatu asubuhi, mara nyingi huanza nusu ya kwanza saa kumi na mbili jioni, kisha huamka saa tisa usiku kwa nusu ya pili na kumaliza kabla ya saa kumi na moja, ili tumbo lipate angalau saa mbili bila kitu kabla ya dawa ya kumtuliza. Saa kamili mzichukue kwa muuguzi wa huko. Anakunywa glasi moja kila baada ya dakika kumi au kumi na tano, kwa mkupuo, asionje onje. Mrija unasaidia, ukipitishwa nyuma ya ulimi. Katikati ya glasi alambe kipande cha ndimu au anywe chai ya rangi kidogo kuondoa ile chumvi. Kichefuchefu kikija, apumzike nusu saa atembee sebuleni, kisha aendelee taratibu. Akitapika glasi nzima nzima, baba mdogo apige simu hospitali.

Kuhusu baridi. Karatasi nyingi za hospitali husema dawa inyweke ikiwa ya baridi, ndiyo haikabi. Hiyo ni kweli kwa Dar es Salaam. Maji ya Mbeya yaliyokaa ndani tu yanatosha, friji haihitajiki. Nimewahi kukaa na mzee mmoja usiku wa Julai, amekunywa lita tatu za maji baridi, meno yanagongana, blanketi mbili hazimtoshi. Tulimwokoa kwa supu ya moto kila baada ya glasi mbili. Kwa hiyo muachieni sweta, soksi nzito na blanketi, lakini jiko la mkaa lisiwekwe ndani ya chumba kilichofungwa. Hilo la mkaa lisemeni kwa mkazo, watu wanakufa kwa moshi wake.

Choo kiandalieni kama mnavyoandaa chumba cha mgeni. Madumu yajae tangu asubuhi, maana bomba likikatika usiku huo ni msiba. Weka ndoo ya maji ya uvuguvugu ya kujisafishia, karatasi laini, kopo la mafuta mazito ya kupaka, ajipake tangu kabla ya safari ya kwanza kwa sababu baada ya safari ya tano ngozi inachubuka. Weka tochi, umeme ukikatika asipapase ukutani. Kama choo chenu ni cha kuchuchumaa, baba mdogo atafute kiti cha choo au akae karibu na mlango, kwani mzee aliyepungukiwa damu akiinuka ghafla mara ya kumi anaweza kupata kizunguzungu akaanguka. Redio iwashwe sebuleni, sauti ya kutosha. Hicho ni kitu kidogo, lakini kinampa mtu faragha kuliko mlango wenyewe.

Atajuaje amesafika? Mwanzo ni choo cha kawaida, kisha tope, kisha maji ya kahawia yenye vipande, kisha maji ya kijani au ya njano yasiyo na kitu. Yule mzee wa Julai alikuwa hataki niangalie, na sikuangalia. Nilimwomba tu awe ananiambia mwenyewe kila akitoka. Saa kumi na mbili kasoro asubuhi akafungua mlango, amejifunga blanketi, akasema, "Mwanangu, sasa ni kama mkojo." Nilimwambia hapo amemaliza kazi. Baba naye aiangalie mwenyewe kwa tochi. Ikifika asubuhi maji bado ni meusi au yana tope, amwambie muuguzi kabla hajalazwa kitandani. Wakati mwingine huongezewa dawa akasubiri mpaka mchana, na hela yake haipotei.

Chumbani mambo ni mepesi kuliko alivyoambiwa. Mimi nilipimwa mwaka 2018, na waliokuwa wananipima ni watu niliozoea kunywa nao chai, kwa hiyo aibu naijua. Unavaa gauni la hospitali, unalala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa kuelekea tumboni, shuka limekufunika mpaka kiunoni, inabaki sehemu ndogo sana. Wanachoma sindano ya kutuliza mkononi, hospitali nyingine hutoa usingizi kamili, mwulize mapema wao wanatumia ipi. Mpira ni wa kulainika, unene kama wa kidole, urefu mita moja na nusu hivi. Utumbo uliosafishwa hulala umejikunja kama gunia tupu, kwa hiyo wanapuliza hewa ili ufunguke, na hiyo hewa ndiyo inayoleta karaha: tumbo linajaa kama la mtu aliyekula kande usiku akalala. Kwenye kona muuguzi hukukandamiza tumbo kwa kiganja au kukugeuza chali. Wakichukua vinyama vya kupima husikii, ukuta wa ndani hausikii kukatwa. Nusu saa, wakati mwingine pungufu, umemaliza. Akitaka wanaume tu wamhudumie aombe siku ya kuthibitisha tarehe, siku nyingine inawezekana.

Hatari ipo, na asifichwe. Utumbo unaweza kutoboka au kuvuja damu, ila kwa kipimo cha kuangalia tu, kutoboka hutokea kwa chini ya mtu 1 kati ya 1,000. Kuhusu nguvu za kiume, wenzake wa kilabuni wamemdanganya bila kujua. Mpira unapita ndani ya utumbo tu, njia ileile ya choo, na hauingii kwenye mishipa ya uume. Atatoka na kila alichoingia nacho.

Kwa kuwa damu yake imeshuka, daktari anaweza kutaka kutazama na tumbo la juu siku hiyohiyo, kwa mpira mwingine unaopita mdomoni. Asistuke. Kooni hupulizwa dawa ya ganzi, na kwa kawaida dakika kumi hazifiki. Wazee wakiuogopa huo huwa nawasimulia kuhusu daktari Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Michigan, Marekani. Mwaka 1957, mpira wa kwanza wa nyuzi za kioo ulipokamilika, aliumeza yeye mwenyewe kwanza, ndipo akampima mgonjwa. Wazee wanapenda kusikia hivyo, kwamba mwenye chombo alianza nacho.

Akitoka, baba mdogo amchukue kwa gari, sio bodaboda. Saa 24 asiendeshe chochote, na asitie sahihi karatasi yoyote, hata ya kuuza majani ya chai, kwa sababu ile sindano inafuta kumbukumbu huku mtu anaongea vizuri kabisa. Ile hewa iliyopulizwa lazima itoke, na itatoka kwa kelele, kwa hiyo apumzike na mdogo wake mpaka jioni, wewe na watoto mrudi baada ya hapo na sufuria la wali na samaki. Matone machache ya damu yanaweza kuonekana kama wamekata kinyama. Tumbo likiuma sana na kukaza, homa ikipanda, akitapika au damu ikitoka nyingi, arudishwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Vinyama vikipelekwa maabara majibu huchukua siku, hata wiki kadhaa. Kitakachokuja, asomewe yeye kwanza. Najua ndugu hupenda kukaa kikao cha kumficha mzee, kisha mzee anajua kwa macho ya watu. Amevumilia choo usiku kucha ili kujua. Baba mdogo aende naye siku ya majibu, akae pembeni yake, na mumeo asikilize kwa simu kama hajarudi.

Hizo karatasi mbili za Kiingereza zipigie picha unitumie leo. Nitaziandika upya kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kwa herufi kubwa, nikurudishie kabla ya Jumapili. Lakini kesho asubuhi baba mdogo arudi nazo hospitali pia, amwombe muuguzi wa zamu amsomee kila saa na kila glasi, naye aziandike kwa mkono wake nyuma ya karatasi ya rufaa.